Namba Arobaini na Saba

Mkolani, Mwanza
20 Februari 1995

Dada Odeta,

Shikamoo. Nyumba ipo, mlango unafunga, jiko lako la mkaa halijaibiwa, kwa hiyo soma ukiwa umetulia na tumbo lako mbele. Shemeji Elias bado yuko machimboni Geita na hajaandika. Tangu wampunguze kwenye kiwanda cha pamba amekuwa mtu wa kesho na kesho kutwa.

Sasa nikupe habari za wewe mwenyewe. Wewe hujambo. Leo umetimiza wiki mbili kazini tangu upone ile malaria yako ya uongo, na hakuna aliyekushangaa. Kofia nyeupe, kitambaa mdomoni, aproni, gamboti na namba 47 mgongoni: nani atajua kama chini yake yuko Odeta au mdogo wake? Wanawake wa meza yako wanajua, lakini wamenyamaza, maana hapa karibu kila mmoja amewahi kushikiwa namba na dada au binamu akienda kujifungua. Mmoja wanasema alishikiwa na mama yake mzazi, bibi mzima, na akakata minofu kuliko wasichana.

Lakini kuna jambo hukunieleza. Ulisema tutakaguliwa. Hukusema tunakaguliwaje. Kila Jumatatu asubuhi wanawake tunapangwa mstari getini, wanaume wanapita pembeni wanacheka. Nyapara Chenge anakuja na mpini wa ile ndoano ya kuburuzia sangara, anaukita chini ya kitovu na kusukuma mpaka uinue visigino. Ukiguna, anasukuma tena. Leo binti aliyekuwa mbele yangu alitapika. Chenge akasema, "Huyu tayari," akamnyofoa kadi shingoni mpaka kamba ikamchana ngozi. Hana mimba yule, alikula mapanki, mabaki ya sangara, yaliyolala. Alikaa getini analia mpaka mlinzi akamrushia jiwe, likampata kwenye goti.

Chenge aliponifikia nilimkazia macho. Akaniambia, "Arobaini na saba, siku hizi una macho ya dharau." Akanisukuma mara mbili. Visu tunapewa baada ya ukaguzi, dada, na nadhani wenyewe wanajua kwa nini.

Kazi naiweza. Damu inaingia mpaka kwenye soksi, vidole vinakufa ganzi kwa barafu, lakini naiweza. Nafasi yako naishika mpaka urudi.

Mdogo wako,
Odeta wa kiwandani
(usinune, ndivyo wanavyoniita)


Kamachumu
Jumatano ya Majivu, 1 Machi 1995

Mdogo wangu Prudencia,

Marahaba. Jovinary wa melini ameleta barua yako inanuka samaki mpaka Mama akauliza umeifunga na nini. Usisaini tena jina langu. Kiwandani hakuna budi, lakini kwenye barua unanichuria.

Nilikwambia wanashika tumbo. Ulitaka nikueleze zaidi ili ukatae kwenda? Mimi nimesukumwa na mpini ule miaka mitatu, na mimba hii niliipitisha kwa kujikaza khanga na kukwepa Jumatatu kwa malaria za uongo. Ile mimba yangu ya mwaka juzi, unaamini kweli ilitoka kwa kuteleza kisimani kama nilivyomwambia Mama? Chenge alinisukuma Jumatatu, Jumatano ikatoka, Alhamisi nilikuwa mezani nakata minofu, nimejifunga khanga mbili zisivuje. Sikumwambia hata Elias. Choma barua hii ukishaisoma.

Kwa hiyo usinifundishe mimi ubaya wa Chenge. Nataka mtoto huyu azaliwe na nataka nikirudi nikute kazi. Elias hana kitu. Pamba imekufa, kahawa ya Taata tunaivuna na mnunuzi anataja bei anayotaka yeye. Tukipoteza namba ile tumekwisha, na hapo nakuhesabu na wewe.

Nilikuchagua wewe nikamwacha ndugu yetu Eugenia kwa sababu unafanana na mimi, una mikono myepesi, na huna mwanaume. Tumbo lako tupu ndiyo kinga yetu. Achezeshe mpini wake atakavyo, hatakuta kitu. Basi usiniharibie. Wale madereva wa malori ya barafu wana maneno matamu, nawajua. Ukisikia mtu anakuita mchumba, ingia ndani ukate samaki.

Mama anakusalimu. Ninatembea kama bata.

Dada yako,
Odeta


Mkolani, Mwanza
3 Aprili 1995

Dada Odeta,

Shikamoo. Nisamehe ukimya na mwandiko. Mkono wa kulia umevimba, nilijigonga kwenye beseni la barafu.

Nataka kukuuliza jambo. Kuna msichana wa meza ya tatu, Rebeka, Mhaya mwenzetu, humjui, aliingia baada yako. Alikuwa na mimba changa, haijafika miezi miwili. Kila Jumatatu aliingiza tumbo ndani akabana pumzi mpaka Chenge apite. Jumatatu ya tarehe 27 Machi alipita salama. Mnamo saa nne akiwa mezani kizunguzungu kikamshika, akaegemea kidogo tu. Chenge alikuwa nyuma yake. Akasema, "Nilijua," akamburuta kwa kola mpaka kwenye ujia wa chumba cha barafu.

Alimpiga mpini wa tumbo. Akaanguka juu ya barafu. Akampiga tena akiwa chini, kisha akaanza mateke, na gamboti zile zina chuma mbele. Rebeka alihesabu manne. Anasema alihesabu kwa sababu alikuwa hana kitu kingine cha kufanya. Kisu cha minofu kilikuwa bado mkononi mwake, hakukiachia hata alipoanguka. Teke la tano lilipokuja akakipeleka juu. Kilimwingia Chenge kwenye kiganja alichokingia, kikatokea karibu na kifundo, na vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi. Alipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, dada, na nitakuambia ukweli, ilikuwa sauti tamu. Lakini barafu ilikuwa nyekundu tayari kabla damu yake haijamwagika.

Wenzake wote walisikia. Hakuna kisu kilichosimama. Waliendelea kukata minofu huku wameinamisha kofia zao, na dereva wa lori aliyekuwa anashusha barafu mlangoni alifunga turubai akaondoa gari.

Mimba ilitoka hospitali jioni ile. Kesho yake, yuko kitandani, akaletewa barua ya kufukuzwa: utovu wa nidhamu na kumjeruhi msimamizi.

Nesi mmoja akamwita mama kutoka Ofisi ya Kazi, Mama Kashindye. Mama huyo alikuja na kitabu cha sheria kimejaa vipande vya karatasi. Anasema mwanamke aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi siku themanini na nne na mshahara wake, awe na mume au asiwe naye. Anasema hakuna sheria yoyote inayomruhusu mwajiri kumbonyeza mtu tumbo getini. Ukifukuzwa unazo siku kumi na nne tu za kulalamika ili shauri lako lisikilizwe kwenye Baraza la Usuluhishi. Rebeka ameshalalamika. Kuna kasoro kwenye karatasi zake, lakini anadhani atairekebisha kabla hawajamwita.

Ungekuwa wewe ndiye dada yake, ungemwambia nini? Nijibu hilo hata kama huna nafasi ya kujibu mengine.

Mdogo wako,
P.


Kamachumu
8 Aprili 1995

Mdogo wangu Prudencia,

Marahaba na mara mia! Nimejifungua! Tarehe 27 Machi, saa sita mchana, wodi ya wazazi ya misheni. Msichana, kilo tatu na robo, ana kelele kuliko kengele ya kanisa. Taata amechinja mbuzi ingawa ni Kwaresima, Mama amemnunia siku mbili.

Huyo Rebeka unaniuliza ya nini? Alijitakia. Aliona mstari, aliona mpini, akaingia na mimba akijua. Na kumchoma mtu kisu! Kwa ajili yake sasa Chenge atazidi ukali na watakaoumia ni wengine. Ningekuwa dada yake ningemwambia anyamaze, arudi kwao, asiwaharibie wenzake wanaotafuta riziki. Kaa mbali naye. Watakuita shahidi, mara uangaliwe usoni, mara kadi yangu ianze kuchunguzwa.

Lakini katika habari yako yote nimeokota dhahabu. Siku themanini na nne na mshahara! Miaka mitatu najifunga khanga na hakuna aliyeniambia. Kama sheria ipo, mimi najificha nini? Nimemwandikia mwenyewe Afisa Utumishi wa kiwanda, Bwana Luhende. Nimemwambia nilifanya kazi mpaka Jumamosi tarehe 25, nikapanda meli jioni ile, nikajifungua Jumatatu. Mimba sikuionyesha, nimesema, kwa sababu ya kumwogopa msimamizi. Nimeambatisha cheti cha wodi chenye muhuri, jina langu kamili, siku na saa. Naomba likizo yangu ya kisheria. Umeona akili? Siku zote ulizofanya wewe zinahesabika nimefanya mimi.

Jovinary anaibeba barua ile pamoja na hii. Kwa hiyo usiende tena kazini. Funga nyumba, njoo umwone mtoto. Nakushukuru, mdogo wangu. Umenishikia nafasi yangu vizuri.

Dada yako mwenye furaha,
Odeta


Mahabusu, Mwanza
12 Aprili 1995

Odeta,

Hakuna Rebeka.

Nimeandika sentensi hiyo nikakaa naitazama. Karatasi na kalamu kanipa Mama Kashindye, na askari wa kike amekubali nimalize. Hakuna Rebeka wa meza ya tatu. Kuna mimi wa meza ya pili. Mkono sikuugonga kwenye beseni, Chenge aliukanyaga. Mateke manne niliyahesabu mimi.

Uliniandikia nisiwasikilize madereva. Ulichelewa. Alikuwa Maige, wa lori la barafu, ameshasema baada ya Pasaka atakwenda na wazee wake kwa Taata. Nilipoona siku zangu zimepita, barua yako ilikuwa imeshafika: tumbo lako tupu ndiyo kinga yetu. Ningekuandikia nini? Ningekwambia kinga yako imetoboka? Nilibana pumzi, Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa ajili ya kazi yako. Na siku ile ni Maige aliyefunga turubai. Mama Kashindye alimfuata akamwomba ushahidi. Amesema hakuona kitu, alikuwa anaangalia matairi.

Hospitali walisoma kadi shingoni mwangu wakaandika Odeta. Nilikuwa na sauti ya kuwaambia siye. Sikuwaambia. Nilifikiri, nikitaja jina langu, dada atakuwa ametoka kazini siku nyingi na nafasi imekwenda. Damu inanitoka, na mimi nakushikia nafasi, Odeta! Fomu ya polisi ya matibabu, Odeta. Malalamiko ya Baraza, Odeta. Hiyo ndiyo kasoro niliyokudokezea. Nilitaka kukueleza yote ukishajifungua salama, uje tukae na Mama Kashindye tupange la kusema.

Badala yake umepeleka cheti chenye muhuri. Juzi Luhende aliniita ofisini, nikaenda nikidhani wanataka kupatana, maana barua yako nilikuwa sijaipata. Chenge alikuwepo, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Luhende akaweka karatasi mbili mezani. Akasema, "Tarehe 27 Machi Odeta kaharibu mimba Mwanza. Tarehe hiyo hiyo Odeta kazaa Kamachumu mtoto wa kilo tatu na robo. Wewe mama ni mchawi au ni mwizi?" Wakacheka. Chenge akanipiga kofi kwa mkono wake mzima, mbele ya Luhende, jino likatoka. Nimelifunga kwenye karatasi, liko hapa. Kisha wakaita polisi. Nimeandikiwa kutumia jina la mtu mwingine na kujeruhi kwa kisu.

Mama Kashindye nimemweleza kila kitu. Aliona nimemdanganya, akanigombeza, halafu akalia, halafu akafungua kitabu. Anasema mtu aliyefanya kazi na mwajiri akapokea kazi yake ni mfanyakazi, hilo atalisimamia. Anasema kumpiga mtu ni kosa, awe na kadi au asiwe nayo. Lakini anasema kila kitu kinategemea yule mwenye jina. Baraza linakaa Jumatatu tarehe 24.

Uliniambia alijitakia. Uliniambia anyamaze arudi kwao. Nimeisoma barua ile mara nyingi, natafuta mahali ambapo labda ulikuwa unatania. Wewe uliyejifunga khanga mbili.

Mtoto mmempa jina gani?

Prudencia


KAMPUNI YA MINOFU
Ofisi ya Utumishi, Mwanza
13 Aprili 1995

Bi. Odeta, Namba 47

YAH: KADI YAKO YA KAZI

Tumepokea barua yako pamoja na cheti cha wodi ya wazazi. Uongozi unakupongeza kwa kupata mtoto.

Katika kipindi cha Februari na Machi mwaka huu, mwanamke aitwaye Prudencia aliingia kiwandani akitumia kadi yako, akamjeruhi vibaya msimamizi wetu. Uongozi unaamini kwamba kadi hiyo iliibiwa na kwamba wewe hukuhusika.

Endapo utathibitisha hivyo kwa kutia saini karatasi iliyoambatishwa, utapewa likizo ya uzazi ya siku themanini na nne na mshahara, na nafasi yako itakusubiri. Endapo hutathibitisha, utahesabiwa umeshiriki udanganyifu na utafukuzwa kazi mara moja.

Tunatarajia karatasi iliyosainiwa kabla ya tarehe 24 Aprili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
B. Luhende
Afisa Utumishi


Kamachumu
Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili 1995

Prudencia mdogo wangu,

Barua yako na ya Luhende zimefika kwenye mfuko mmoja. Yako niliisoma chini ya migomba ili Mama asinione. Nilijipiga kichwa kwenye gogo la kahawa mpaka nikatoka damu kwenye paji la uso, na haikusaidia kitu.

Sikuwa natania. Niliandika vile kwa sababu nilimchukia Rebeka. Nilimchukia kwa kuwa alipiga kelele pale ambapo mimi nilinyamaza. Sasa unajua dada yako ni mtu wa namna gani.

Sitakuficha pia kwamba niliichukua ile karatasi ya Luhende nikakaa nayo siku nzima. Elias ameandika, hana kitu, anaumwa. Nilimtazama mtoto, nikatazama mahali pa saini. Kalamu niliishika. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa mwingine.

Mtoto bado hana jina. Tulikuwa tunakungoja wewe umbebe kanisani.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitakuja vilevile.

Odeta


Kamachumu
18 Aprili 1995

Kwa Afisa Utumishi, Kampuni ya Minofu, Mwanza
Nakala: Mama Kashindye, Ofisi ya Kazi; Prudencia, mahabusu

Bwana Luhende,

Karatasi yako narudisha. Sijaitia saini. Ile barua yangu ya kwanza ilikuwa na uongo ndani yake, na huu ndio ukweli.

Kadi haikuibiwa. Niliitoa shingoni mwangu kwa mikono yangu, nikamvisha mdogo wangu Prudencia hapo Mkolani, kwa sababu nilikuwa na mimba ya miezi saba na nilimwogopa Chenge. Mtu aliyekata minofu yenu Februari na Machi ni yeye, na mliipokea minofu yake mkaiuza. Mtu aliyepigwa mateke kwenye barafu ni yeye. Naomba kila karatasi iliyoandikwa jina langu hospitali, polisi na Barazani ifutwe jina hilo, liandikwe lake. Maumivu yale si yangu. Sikuyabeba mimi.

Yangu ninayo. Mwezi wa nane mwaka 1993 msimamizi wenu alinisukuma mpini getini siku ya Jumatatu, na Jumatano mimba ikatoka. Kesho yake mlinipokea mezani na hamkuuliza kwa nini nimejifunga khanga mbili. Nimeandika majina ya wanawake saba wengine ambao najua yaliwapata kama hayo. Orodha hiyo hamtaiona ninyi, anayo Mama Kashindye.

Unasema nisiposaini nitafukuzwa mara moja. Nimekusikia. Sheria inanipa siku kumi na nne za kulalamika, na safari hii nitazihesabu.

Napanda meli Ijumaa. Baraza linakaa Jumatatu ya tarehe 24 saa tatu. Kabla ya hapo, saa moja asubuhi, nitakuwa kwenye mstari wenu getini na mwanangu mgongoni, kwenye nafasi ya arobaini na saba. Mimi ndiye niliyemwajiri mtu akasimame pale badala yangu. Mwambie Chenge aje na mpini wake, kwa mkono uliobaki, na wanawake wote wakiangalia, anisukume mimi.

Odeta